Jeneza la Kuchekesha

Mtu wa kawaida akikutazama mara moja kutoka utosini hadi kisiginoni halafu akanyamaza, unajikagua nguo. Pengine kifungo kimetoka, pengine umekanyaga kitu. Akikutazama hivyo Mzee Futi, hujikagui nguo. Unakumbuka ghafla kwamba una shughuli upande wa pili wa barabara.

Jina la Futi alipewa na watoto wa shule waliokuwa wakipita mbele ya karakana yake, na watoto hawana simile. Alikuwa fundi wa majeneza. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na minne katika banda lilelile la mabati lenye milango miwili: mmoja wa kuingizia mbao, mwingine wa kutolea kile ambacho mbao zimegeuka kuwa. Nyuma ya banda kulikuwa na vyumba viwili alivyokaa peke yake tangu mke wake alipomtangulia. Penseli ilikaa nyuma ya sikio la kulia, futikamba mfuko wa kushoto. Lakini futikamba ilikuwa pambo tu, na hapo ndipo yalipoanzia matata yote.

Maana Mzee Futi alipima kwa macho. Aliyefiwa haji dukani na vipimo. Anakuja na macho mekundu, anasema, "Alikuwa mrefu kidogo kuliko mimi, lakini mwembamba," kisha sauti inakatika. Fundi mwenye utu hamwambii mtu kama huyo arudi nyumbani akampime marehemu. Anamtazama aliye mbele yake, anaongeza hicho "kidogo", anapata. Fanya hivyo miaka thelathini na minne uone kama macho yako yatakuomba ruhusa tena. Mzee Futi alimpima mwuza magazeti. Alimpima daktari wa meno, huku kinywa chake mwenyewe kikiwa wazi na bomba limo ndani. Alipokwenda kuandikisha kitambulisho kipya na karani akamwuliza, "Urefu?", nusura amtajie urefu wa karani.

Hayo yote yalikuwa ya kuchekesha mpaka siku ya meza.

Binti yake wa pekee aliolewa katika nyumba ya watu wenye heshima zao, na kila sikukuu ya mwisho wa mwaka ukoo wote wa nyumba hiyo hukusanyika mchana kwenye meza moja ndefu. Miaka mitatu iliyopita na yeye alialikwa. Alinyoa ndevu, akajisugua mikono kwa ndimu mpaka harufu ya vanishi ikasalimu amri. Baba mkwe wa binti yake alikuwa mcheshi wa kuzaliwa, kicheko kikubwa kuliko kifua kilichokibeba, na wazee hawa wawili walipatana palepale kama watu waliosoma darasa moja. Wakati wa kusogeza viti wakajikuta wamesimama uso kwa uso, wote wanatabasamu. Macho ya fundi yakafanya kazi yao. Na kwa furaha tu, bila kukumbuka yuko wapi, akatamka kwa sauti kubwa: "Futi tano na inchi tisa!"

Alikuwa na maneno mengine mdomoni, lakini hayakupata nafasi. Vijiko vilisimama hewani. Shangazi mmoja akajishika kifua. Mwenye nyumba alicheka, tena alicheka peke yake, na mkewe, aliyekuwa ameshika bakuli la mchuzi, akaliweka mezani taratibu sana.

Wiki saba baadaye mwenye nyumba alianguka bafuni akafa. Moyo, walisema madaktari. Jeneza alilitengeneza Mzee Futi, kwa mbao alizokuwa ameziweka akiba miaka, na halikuhitaji kipimo. Hilo nalo watu waliliona, wakalisema.

Tangu hapo hakualikwa. Hakuna aliyemfukuza, la; watu wenye heshima hawafukuzi. Ila kila sikukuu binti yake alimletea chakula kwenye hotpoti, akakaa naye nusu saa kwenye benchi la karakana huku akiiba jicho kutazama saa.

"Mama bado, Baba," alikuwa akisema. Mama ni yule mkwe, mjane. "Tumpe muda."

"Sina haraka," Mzee Futi alijibu, na huo ulikuwa uongo. Alikuwa na haraka kweli kweli. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: sikukuu imkute amekaa kwenye meza ile, pamoja na binti yake na mjukuu wake, na chakula kiwe ndani ya sahani.

Mwaka huu, zikiwa zimebaki wiki kumi kufika sikukuu, aliingia karakanani mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Futi tano na inchi moja, viatu visihesabiwe.

"Habari za kazi, mzee. Mimi ni mwongozaji wa filamu. Nataka jeneza la kuchekesha."

Mzee Futi akaweka randa chini. "La nani?"

"La filamu."

"Filamu ana futi ngapi?"

Mwongozaji akacheka, akadhani anataniwa. Kumbe mzee hakuwa na utani hata chembe. Ikabidi asimuliwe. Filamu ni ya sikukuu, alieleza mwongozaji, lakini si zile za kukumbatiana. Familia inaamka asubuhi ya sikukuu, mlango unagongwa, jeneza limeletwa. Anwani ni ya nyumba hiyo, kila kitu kimeshalipwa, na hakuna aliyekufa. Nani kaagiza? Kamwagizia nani? Wanapoanza kutazamana ndipo nyumba inapowaka moto. Mwishoni inajulikana kwamba bibi yao ndiye aliyeagiza, apate kuona angali hai ni nani atalia na ni nani atakimbilia kabati la vyombo.

"Kwa hiyo ndani hataingia mtu," alisema Mzee Futi.

"Hataingia mtu. Litengeneze la mtu yeyote."

Ndipo alipokwama. Tangu ashike msumeno hakuwahi kutengeneza jeneza la mtu yeyote. Alitengeneza la fulani. Mbao zililala kwenye meza ya kazi siku tatu akizizunguka mikono nyuma. Siku ya nne alijipima yeye mwenyewe, maana ndiye pekee aliyekuwa karibu na asingechukia, akakata. Likatoka zuri, limepigwa msasa mpaka linateleza, bawaba zake kimya. Ila halikuchekesha hata kidogo, na jambo hilo lilimnyima raha.

Nyumba waliyoikodi kwa ajili ya kurekodi ilikuwa ya zamani, yenye sebule pana na waya za taa zimetapakaa sakafuni. Alilipeleka jeneza mwenyewe juu ya mkokoteni. Alikuwa ameshaaga, anaondoka, alipomwona kijana wa miraba minne aliyepewa nafasi ya mleta jeneza akifanya mazoezi na mwenzake. Walikuwa wamelibeba kama friji. Walilipigisha kwenye kizingiti, wakalilaza kwa ubavu, mmoja akaliegemea akijifuta jasho.

Mzee Futi hakuwa mtu wa kuingilia kazi za watu, lakini hapo uvumilivu ulimwisha. "Wewe! Jeneza halibebwi hivyo! Miguu hutangulia. Na huwezi kuliegemea, hata kama ni tupu. Mwenye nyumba anakutazama!"

Alisema hivyo akiwa ameshalikamata, akaonyesha: magoti kwanza, mgongo wima, uso umeinamishwa kidogo ili aliyefungua mlango asilazimike kutazamana na wewe. Alipoinua kichwa akakuta sebule nzima imenyamaza. Mwongozaji alikuwa ameshusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni.

"Mzee," alisema, "kesho una kazi?"

Hivyo ndivyo Mzee Futi alivyoingia kwenye sinema, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, kwa sentensi moja: "Mzigo wenu huu hapa. Nani ataweka sahihi?" Baada ya sentensi hiyo, kaka mkubwa wa familia, kwa kutojua aseme nini, anamwambia karibu chakula. Watu husema karibu chakula kwa adabu tu, nawe unashukuru unaondoka. Mleta jeneza haondoki. Anakaa, anakula. Hicho ndicho kichekesho.

Kijana wa miraba minne alikasirika siku moja, kisha akapewa nafasi ya jirani mlevi akasahau.

Mzee Futi alitakiwa siku mbili tu. Alikwenda kumi na moja. Udadisi ulikuwa umemkamata shingoni. Aliweka kigoda karibu na mlango wa jikoni, penseli nyuma ya sikio, akawatazama waigizaji jinsi anavyoitazama samani ya fundi mwingine: akitafuta kiungo kiko wapi. Maana hadithi yenyewe, aliona upesi, ilikuwa mbao nyembamba. Jeneza limekuja, watu wanashukiana, basi. Ukiwapa watu wengine ingeanguka kabla ya chakula. Walioishikilia ni hawa.

Aliyemshangaza zaidi ni mwanamke aliyeigiza bibi. Nchi nzima ilimjua kama Mama Kelele, kwa miaka aliyochekesha redioni, na nje ya kamera hakuwa na kelele yoyote. Alikaa pembeni akifuma kitambaa ambacho hakikuwahi kuisha. Futi tano kasoro inchi moja. Mwongozaji akisema "Anza!", anaweka sindano chini, anavuta pumzi moja, na mwanamke mwingine kabisa anainuka kutoka kwenye kiti kilekile. Mkali, mjanja, anayelizunguka jeneza akiligongagonga kama anayenunua tikiti maji. Siku moja alipanda ndani akajilaza, likamzidi urefu karibu futi nzima, akakaa kitako humo humo akaita, "Nani kaniongezea chumba cha wageni?" Maneno hayo hayakuwa yameandikwa popote. Mpiga picha alivunjika mbavu mpaka kamera ikatikisika, wakarudia mara nne.

Na kila walipotakiwa kurudia, alirudia. Kilichomstaajabisha fundi ni hicho. Ubao ukishaukata umekata. Hawa watu walikosea, wakasema "tunarudia", wakaanza upya kama vile hakuna kilichotokea.

Ikafika siku ya meza.

Walikuwa wanane, pamoja naye. Meza ndefu, kitambaa cheupe, sahani halisi na chakula halisi, ingawa kufikia mara ya tano mchuzi ulikuwa umeganda. Mwongozaji alimwambia, "Mzee, usiigize chochote. Wewe kula tu."

Akala. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alitafuna taratibu, na yeye ndiye aliyejua sababu: hajakaa kwenye meza ya sikukuu kwa miaka mitatu, na hii ndiyo aliyopewa, ya uongo, yenye taa juu na watu wenye poda usoni. Mara ya sita alijisahau. Alikuwa ameshiba, moyo umetulia, na macho yake yakainuka kutoka kwenye sahani yakaanza safari yao ya kila siku, mtu baada ya mtu.

Kaka mkubwa aliyaona yakimjia. Bila kuambiwa na yeyote akaanza kushuka kwenye kiti, polepole, uso wake umebaki na adabu zilezile, mpaka kidevu kikafika usawa wa uma. Mkewe akajisogeza nyuma ya jagi la maji, akabaki jicho moja kubwa likitazama kupitia maji. Mjomba akainuka na sahani yake kama aliyeitwa na simu, akaenda kulia chakula chumba cha pili, na mlio wa kijiko chake ukaendelea kusikika kutoka huko. Dada aliyekuwa akipakua akaganda na upawa. Yakamfikia Mama Kelele. Yeye hakujificha. Alijinyoosha, akatoa kifua, akarekebisha kilemba.

"Nimefika ngapi?" akauliza.

Na Mzee Futi, aliyeambiwa asiigize, akajibu ukweli: "Futi tano kasoro inchi moja."

"Mmesikia?" Mama Kelele akawageukia watoto wake kwa ushindi. "Mlisema nimepungua!"

"Kata!" alipiga kelele mwongozaji, akainama akashika magoti yake. Watu wa taa walikuwa wanalia kwa kicheko. Kaka mkubwa alikuwa ameteleza mpaka chini ya meza.

Mzee Futi hakucheka. Aliweka kijiko, akatoka kwenda uani, akakaa juu ya sanduku la nyaya. Ile hofu aliijua. Vijiko vilivyosimama alivijua. Tofauti ni kwamba hapa watu walipiga makofi.

Mama Kelele alimfuata na kufuma kwake mkononi, akakaa kwenye ngazi. Alifuma mistari miwili.

"Naomba kukuuliza," hatimaye alisema Mzee Futi. "Kiungo kiko wapi? Ukijifanya unaogopa, unaanzia wapi kujifanya? Nimetazama siku tisa sijapaona."

"Hakipo," alisema Mama Kelele. "Nina miaka sabini na tatu, fundi. Umenitazama, nimeogopa kweli. Ila sikuficha. Watu wengi wanaogopa halafu wanaficha, ndiyo maana hawachekeshi."

Hapo Mzee Futi akamweleza habari za meza ile nyingine, tangu ndimu hadi hotpoti. Mama Kelele alisikiliza huku sindano zikienda. Mzee alipofika kwenye maneno yaliyobaki mdomoni, sindano zikasimama.

"Hukuyamalizia?"

"Ningeyamalizia vipi? Walishanyamaza wote. Kisha mtu akafa."

"Yalikuwa maneno gani?"

Akamwambia, kwa sauti ya chini. Mama Kelele akamtazama, macho yakamlegea, akarudi kwenye kufuma kwake. "Basi wewe ulikatwa katikati. Mtu akikatwa katikati, anarudia. Nenda ukarudie."

Kusema ni rahisi kwa mtu ambaye kazi yake ni kurudia. Mzee Futi alikwenda nyumbani kwa mkwe mara mbili, akafika kwenye geti mara mbili, akageuka. Mwishowe alimwomba binti yake jambo dogo zaidi: ampeleke mama kuiona filamu. Ingeonyeshwa siku mbili kabla ya sikukuu, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa sinema wa mjini.

"Baba! Filamu yenye jeneza? Nimwambie nini?"

"Mwambie yumo Mama Kelele."

"Na wewe umo?"

"Hilo usimwambie."

Mkwe alikuja, kwa sababu hakuna kipindi cha Mama Kelele alichokikosa ujanani. Alikaa safu ya nne, kilemba cha kijivu, binti pembeni yake akitafuna kucha. Mzee Futi alikaa safu ya mwisho kabisa. Filamu hakuiona. Alichotazama dakika tisini ni mabega mawili. Yalitikisika Mama Kelele alipoligonga jeneza kama tikiti. Yalitikisika sana kwenye chumba cha wageni, mpaka mkwe akatoa leso. Kisha mleta jeneza, aliyekuwa ameingia kichwa kimeinama, akainua uso kwenye skrini, mkubwa kama ukuta. Mabega yakakaza.

Meza ikafika. Ukumbi mzima ulikwenda chini kwa kicheko, watu wanapiga viti, mtu mmoja anaomba maji. Mabega yale hayakusogea hata kidogo. Yalikaa hivyo mpaka macho ya mleta jeneza yalipomaliza kuizunguka meza. Ndipo mkwe alipoinuka, akapita kwenye magoti ya watu, akatoka nje.

Mzee Futi alibaki amekaa mpaka wafagizi walipokuja. Alijiona mpumbavu, na alisema hivyo kwa sauti, na mfagizi mmoja akamwambia filamu ni nzuri, mzee, usijali.

Kesho yake asubuhi alikuwa akikata mbao za kitu ambacho hakuna aliyeagiza, ili tu mikono isikae bure, mwanga wa mlangoni ukapungua. Mkwe alikuwa amesimama kwenye ule mlango wa kutolea. Miaka yote hakuwahi kukanyaga pale.

Aliinua msumeno kutoka kwenye ubao. "Pitia mlango ule mwingine," alisema. "Huo si wa wageni."

"Nimeshafika, fundi." Alikuwa akimwita mkwe zamani, kabla ya msiba. Akaingia, akasimama kati ya maranda, mkoba ameushika kwa mikono miwili. "Jana niliwahesabu. Mezani mlikuwa wanane. Ukawapima wote. Hata yule aliyekuwa akipakua."

"Niliwapima, ndiyo."

"Yupo aliyekufa?"

"Hapana. Wote wazima. Kaka mkubwa ana mafua."

"Kwa hiyo unampima kila mtu."

"Kila mtu. Hata mwuza magazeti, kila siku asubuhi. Sipendi, lakini macho hayanisikii."

Mkwe akatafuta pa kukaa, akaona majeneza mawili na benchi, akakaa kwenye benchi. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imebadilika.

"Miaka mitatu nimeishi nikiamini ulijua. Kwamba uliona kitu kwenye uso wa mume wangu, mambo mnayoyaona nyie watu wa kazi hii, ukampima, halafu ukanyamaza. Ungesema, ningempeleka hospitali. Wiki saba, fundi. Katika wiki saba mtu anapelekwa hospitali mara ngapi?"

Mzee Futi alisimama na msumeno mkononi. Miaka yote hiyo alidhani anaogopwa, kumbe alikuwa analaumiwa. Alimwonea mkwe huruma.

"Nakuapia sikuona kitu," alisema. "Niliona mtu mzima anacheka."

"Sasa kwa nini ulisema? Wale wa kwenye filamu uliwapima kimya, mpaka mmoja alipokuuliza. Mwuza magazeti unampima kimya. Mume wangu kwa nini ulimtamkia?"

Hapo ndipo alipotakiwa kurudia, na hakukuwa na mtu wa kusema anza. Akaweka msumeno chini.

"Sikumaliza. Nilitaka kusema, 'Futi tano na inchi tisa, sawasawa na mimi!' Basi. Nilifurahi. Wale ninaowapima, wengi hawawezi kunikaribisha kwao. Yeye alinikaribisha, akanisogezea kiti, tukasimama, nikaona tumelingana kabisa. Nikataka kumwambia. Vijiko vikasimama."

Mkwe akaweka mkoba kwenye benchi. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo futikamba."

"Nini?"

"Ilete. Vua viatu. Simama pale kwenye nguzo ya mlango, wima."

Akavua. Maranda yalikuwa baridi chini ya nyayo. Akajibana kwenye nguzo, kidevu juu, na kwa mara ya kwanza maishani akajua jinsi mtu anavyojisikia akipimwa: unataka kuwa mkweli mpaka kwenye visigino. Mkwe alichukua penseli nyuma ya sikio lake bila kuomba, akailaza juu ya utosi wake, akaweka alama kwenye nguzo. Akavaa miwani. Akavuta futikamba kutoka chini mpaka kwenye alama, akasoma. Akainama, akavuta tena, akasoma tena.

Hakutaja namba. Alisogea tu karibu, akasimama ubavuni kwake kama watu wanaopigwa picha, akageuza kichwa taratibu. Paji lake la uso lilifika usawa wa bega la fundi.

"Hapahapa," alisema. "Nilikuwa namfika hapahapa."

Akalia, na hakuficha. Mzee Futi hakuthubutu kutikisika, alisimama palepale miguu peku, bega limekaza, mpaka mkwe alipomaliza, akajifuta, akamrudishia penseli nyuma ya sikio.

"Na mimi usinitamkie," alisema, kidole juu. "Najua unajua. Kaa nacho."

"Nitakaa nacho."

Mkwe akachukua mkoba, akatoka kwa mlango uleule alioingilia. Akiwa nje aligeuka.

"Kesho saa saba mchana, mkwe. Usihangaike na kiti. Chake kipo palepale, hakuna aliyekikalia. Kitakutosha."